Mafuta ya Miezi Miwili: Nilivyoilea Setilaiti ya Televisheni Hadi Mwisho Wake

Nilikaa na setilaiti moja ya televisheni kwa miaka 17, tangu usiku iliporushwa hadi usiku nilipotuma mwenyewe amri ya kuizima. Katika muda huo wote sikuigusa wala sikuiona kwa macho. Niliijua kwa namba: volti za betri, joto la matangi, mikondo ya umeme katika amplifaya zinazoyapa mawimbi nguvu, pembe ambayo uso wake uliitazama Dunia. Namba hizo zilitushukia mchana na usiku, nasi wa chumba cha udhibiti tulizisoma kama muuguzi anavyosoma chati ya mgonjwa aliyelazwa mahali ambapo daktari hawezi kufika. Watu wengi hudhani kwamba setilaiti hufa kwa kuharibika. Niliyoilea mimi haikuharibika. Ilistaafishwa ikiwa nzima, na uamuzi wa kuistaafisha ulikuwa mgumu kuliko kazi nyingine yoyote niliyoifanya katika miaka hiyo.

Wazo la setilaiti iliyosimama mahali pamoja ni la zamani kuliko setilaiti yoyote. Mwaka 1945 mwandishi Arthur C. Clarke alieleza kuwa chombo kilichowekwa juu ya ikweta, kwenye kimo cha takribani kilomita 36,000, kingeizunguka Dunia kwa muda uleule ambao Dunia hutumia kujizungusha, na hivyo mtu aliye chini angekiona kimetulia palepale angani. Agosti 1964 setilaiti ya Syncom 3 ilirushwa kwenda huko, na Oktoba ya mwaka huo ikapitisha picha za Michezo ya Olimpiki kutoka Tokyo hadi Marekani. Faida yake kwa mtazamaji ni kubwa: dishi likishaelekezwa mara moja na boliti zake kukazwa, halihitaji kuguswa tena. Kazi yetu yote ilitokana na boliti hizo. Kwa kuwa madishi hayasogei, setilaiti ndiyo inayopaswa kukaa mahali pake, nayo kwa asili haikai.

Mwezi na Jua huivuta, na pasipo marekebisho mzunguko wake huanza kuinama dhidi ya ikweta, kila mwaka kwa kiasi kinachokaribia digrii moja. Dunia nayo si tufe kamili. Ikweta yake imevimba kidogo hapa na pale, na uvimbe huo huisukuma setilaiti taratibu kuelekea mojawapo ya sehemu mbili ambako huweza kutulia, moja karibu na longitudo 75 Mashariki na nyingine karibu na longitudo 105 Magharibi. Hata mwanga wa Jua unaoziangukia paneli husukuma. Ruhusa tuliyokuwa nayo ilikuwa ya kutopotoka zaidi ya sehemu 5 za mia za digrii kila upande, yaani kukaa ndani ya kisanduku chenye upana wa kilomita 74 hivi, huku majirani wakiwa na visanduku vyao. Kila baada ya wiki mbili tuliwasha injini ndogo za kuisukuma kaskazini au kusini, na katikati ya wiki hizo tukawasha zile za mashariki na magharibi. Zaidi ya asilimia 90 ya mafuta ilimezwa na marekebisho ya kaskazini na kusini peke yake.

Umri wa setilaiti umo katika hesabu hiyo. Yetu ilirushwa ikiwa na uzito wa tani 3 na nusu hivi, na zaidi ya nusu ya uzito huo, karibu tani 1.85, ilikuwa mafuta. Katika wiki ya kwanza tu, tulipokuwa tukiipandisha kutoka kwenye njia ndefu ambako roketi iliiachia hadi kwenye mzunguko wake wa kazi, tulichoma zaidi ya tani 1.3. Tulibaki na kilo 520, na kila mwaka wa kukaa ndani ya kisanduku ulidai takribani kilo 35. Kugawanya hapo hakuhitaji mtaalamu. Vifaa vya ndani vingeweza kuendelea kwa miaka zaidi, na hakika vingine viliendelea, lakini mafuta yakiisha hakuna kisima huko juu.

Jambo lililonishangaza nilipoanza ni kwamba tangi la setilaiti halina geji. Mahali ambapo vitu huelea, mafuta hayatulii chini ya tangi. Hushikamana na kuta na vifaa maalumu vinavyoyaongoza hadi kwenye bomba, kwa hiyo hakuna usawa wa kupima. Tulikuwa na njia mbili za kujua kilichobaki. Ya kwanza ilikuwa daftari: kila injini ilipowaka tuliandika iliwaka kwa sekunde ngapi, kwa shinikizo gani na kwa joto gani, kisha tukakokotoa kilichotumika na kukitoa kwenye salio. Ya pili ilikuwa kusoma shinikizo na joto la gesi ya heliamu iliyokuwa ikiyasukuma mafuta, na kutokana na vipimo hivyo kukisia nafasi iliyoachwa wazi tangini. Njia zote mbili zina walakini, na walakini wa daftari hukua kila mwaka kwa kuwa kosa la jana hujumlishwa na la leo.

Mkuu wetu wa zamu alikuwa mama aliyekwisha kuongoza setilaiti mbili kabla ya hii. Katika mwezi wangu wa tatu niliandika matumizi ya mafuta kwa kutumia shinikizo la mwanzo wa kuwasha injini, badala ya kuchukua wastani wa kipindi chote ambacho injini ilikuwa ikiwaka. Tofauti ilikuwa ya gramu chache. Aliniita, akaweka karatasi mezani na kupigia mstari namba ile kwa penseli.

"Mali bila daftari huisha bila habari," alisema. "Mwanangu, asilimia 2 ya mafuta yote tuliyoanza nayo ni kilo ngapi?"

Nilipiga hesabu nikamjibu kuwa ni kilo 37.

"Hizo ni za mwaka mzima wa kazi. Ukizitawanya leo gramu kwa gramu, siku moja mtu atautafuta mwaka huo hapa daftarini asiuone, na wewe utakuwa umekwisha kusahau."

Nilimjibu kwamba nimemwelewa, lakini kusema kweli nilimwelewa miaka 16 baadaye. Tangu siku ile, hata hivyo, sikuandika tena namba ya tangi bila kuisoma mara mbili, na vijana waliokuja kufundishwa na mimi walilalamika kwamba nawachosha.

Kitu cha kwanza kilichonitia hofu kilikuwa kivuli. Mara mbili kwa mwaka, katika siku 45 hivi zinazozunguka Machi 21 na nyingine kama hizo zinazozunguka Septemba 23, setilaiti huingia kila usiku katika kivuli cha Dunia. Katikati ya msimu hukaa gizani kwa takribani dakika 70. Muda wote huo hakuna mwanga kwenye paneli, na picha zote zinazoonekana majumbani hubebwa na betri. Za kwetu zilikuwa za nikeli na haidrojeni, na wiki chache kabla ya kila msimu tulizishusha polepole hadi karibu kuisha kisha tukazijaza upya, ili zisisahau uwezo wake kamili. Kazi hiyo hufanywa betri moja baada ya nyingine, na aliye zamu haruhusiwi kunyanyuka kwenye kiti mpaka iliyoshushwa ianze kupanda tena.

Usiku wangu wa kwanza wa kivuli, nilikuwa nimeukodolea macho mstari wa mkondo wa paneli kwenye skrini. Ulikuwa umelala sawasawa tangu asubuhi. Ghafla ukaanza kuteremka, na kwa muda wa dakika mbili ukafika sifuri, kwa kuwa ndivyo inavyochukua ukingo wa Dunia kulifunika Jua zima ukiwa kule juu. Wakati huohuo mkondo wa betri uliruka upande wa pili. Joto la paneli lilishuka hadi likapita nyuzi 100 chini ya sifuri. Ukutani kulikuwa na safu ya skrini zilizoonyesha chaneli tulizozibeba, na katika zote watu waliendelea kusoma habari, kuimba na kucheza mpira kana kwamba hakuna kilichotokea. Baada ya saa moja na dakika chache mwanga ulirudi, na paneli, zikiwa bado na baridi kali, zikatoa umeme kwa volti kubwa kuliko kawaida mpaka zilipopata joto. Mkuu wangu aliandika saa ya kutoka kivulini kwenye daftari la zamu, akaniambia niende nikanywe maji.

Katika misimu hiyohiyo hutokea jambo jingine ambalo watazamaji hulifahamu bila kujua sababu yake. Mchana, kwa siku kadhaa mfululizo, Jua hupita nyuma kabisa ya setilaiti kama linavyoonekana kutoka kwenye dishi, na kelele zake za mawimbi ya redio huifunika sauti dhaifu ya setilaiti kwa dakika chache. Simu zilimiminika kila mwaka. Hakuna dawa ya hilo zaidi ya kutangaza ratiba mapema na kusubiri.

Kosa langu kubwa lilihusu Mwezi. Setilaiti hujua Dunia iko wapi kwa kutumia kitambuzi kinachosoma joto. Hupitisha jicho lake kutoka anga baridi hadi kwenye uso wenye joto wa Dunia, na kutokana na kingo hizo huelewa kama imeinama. Magurudumu ya ndani, yanayozunguka maelfu ya mara kwa dakika, huiweka sawa. Mwezi nao una joto. Unapopita karibu na ukingo wa Dunia, kitambuzi huweza kuudhania kuwa sehemu ya Dunia. Kwa hiyo tulikokotoa mapema saa ambazo Mwezi au Jua vingeingia kwenye njia ya jicho lile, tukatuma amri ya kulifumba jicho la upande husika kwa kipindi hicho.

Katika mwaka wa nne niliandaa ratiba hiyo na kuingiza saa za kituo mahali palipotakiwa saa za UTC, yaani saa za pamoja za dunia nzima, ambazo ndizo peke yake tulizotumia kwa amri. Mwenzangu aliyepaswa kukagua aliniamini, akatia sahihi. Usiku ule Mwezi uliingia, jicho likiwa wazi. King'ora kililia, na nilipotazama nikaona pembe ya setilaiti ikisogea: sehemu moja ya kumi ya digrii, kisha mbili. Kwa kimo kile, sehemu mbili za kumi za digrii ni kusogea kwa kilomita 125 hivi juu ya ardhi, na watazamaji wa pembezoni mwa eneo letu walikuwa tayari wakiona picha zikikatika. Mkono wangu ulikwenda kwenye amri ya kubadili kitambuzi kwenda kile cha akiba. Mkuu wa zamu akanizuia. Aliniuliza Mwezi uko wapi sasa. Nilitazama jedwali, na hapo ndipo nilipoliona kosa langu. Tukalifumba jicho, na setilaiti ikajirudisha yenyewe katika dakika chache.

Laiti ningebadili kitambuzi, nacho kingeuona Mwezi uleule, na huenda setilaiti ingeamua kuwa imepotea na kujiingiza katika hali ya usalama, ambapo huliacha kila jambo, hulitafuta Jua na kuelekeza paneli zake huko. Kuirudisha kutoka huko ni kazi ya saa nyingi, tena hula mafuta. Niliandika taarifa ya kosa kwa jina langu mwenyewe. Kuanzia wiki iliyofuata, mkaguzi wa ratiba alitakiwa kuikokotoa upya kutoka mwanzo bila kuiona ya mwenzake, kisha zikalinganishwa. Utaratibu huo ulikuwa ukitumika bado nilipoondoka.

Tulijifunza pia kutokana na misiba ya wengine, na mkuu wetu alihakikisha kila mgeni wa chumba kile anaijua. Januari 1994 setilaiti za Kanada, Anik E1 na Anik E2, zilipoteza uthabiti ndani ya siku moja baada ya chaji za umeme kutoka angani kulimbikizana na kuharibu vifaa vya kuongoza magurudumu yao. Ya kwanza ilirudi katika muda wa saa chache, lakini ya pili ilichukua miezi. Mei 1998 Galaxy IV ilipoteza kompyuta yake ya uongozi huku ile ya akiba ikiwa imekwisha kufa kabla, na sehemu kubwa ya peja za Marekani, vile vifaa vidogo vya mfukoni vya kupokea ujumbe, zikanyamaza; chanzo kinachotajwa ni nyuzi nyembamba za bati zilizoota zenyewe juu ya madini na kugusanisha umeme. Aprili 2010 Galaxy 15 iliacha kusikia amri lakini ikaendelea kurusha mawimbi, ikitangatanga na kupita katika maeneo ya majirani wake, hadi Desemba betri zake zilipoisha, kompyuta ikajiwasha upya na kuanza kutii. Kisa hiki cha mwisho ndicho kilichonikaa kichwani. Chombo kizima, chenye nguvu, kisichotawalika, ni hatari kuliko kilichokufa.

Kuhusu kazi yenyewe ya televisheni nina machache ya kusema, kwa kuwa mambo yakienda vizuri setilaiti hufanya jambo jepesi: hupokea mawimbi dhaifu kutoka kituo cha ardhini, huyabadili masafa ili yanayoshuka yasivurugane na yanayopanda, huyapa nguvu na kuyarudisha chini. Safari nzima ya kwenda na kurudi huchukua takribani robo ya sekunde. Kila amplifaya yetu ilitoa wati 100 na ushei, nguvu ya balbu moja ya zamani iliyotandazwa juu ya eneo la ukubwa wa bara. Kila nikiifikiria hesabu hiyo hunistaajabisha. Wakati wa analogi transponda moja, yaani njia moja ya kupokea na kurusha mawimbi ndani ya setilaiti, ilibeba chaneli moja. Ulipokuja mfumo wa dijitali, transponda ileile ikaweza kubeba nane au zaidi. Setilaiti yenyewe haikubadilishwa hata skrubu moja. Thamani ya kila kilo ya mafuta iliyobaki tangini, hata hivyo, iliongezeka, nasi tukaonekana watu wa maana zaidi katika vikao ambavyo zamani hatukualikwa.

Katika mwaka wa 14 salio lilisoma kilo 30 hivi. Mrithi alikuwa amekwisha kurushwa na kuwekwa ndani ya kisanduku kilekile, kilomita kadhaa kutoka kwa mzee wake, kwa mpangilio ambao ulihakikisha njia zao hazikutani. Tulihamisha chaneli usiku mmoja baada ya mwingine. Fundi wa kituo cha kurushia alipunguza mawimbi upande wetu, mwenzake akayapandisha upande wa mrithi, na mtazamaji aliyekuwa macho saa zile aliona, kama aliona kitu, picha ikiganda kwa kufumba na kufumbua. Usiku wa mwisho nilibaki nikiitazama transponda ya mwisho ikiwa tupu. Kwa miaka 14 mamilioni ya madishi yalikuwa yameielekea setilaiti ile, na yaliendelea kuielekea pale pale, lakini sasa yalikuwa yakimsikiliza mwingine.

Haikustaafu wakati huo. Tuliacha marekebisho ya kaskazini na kusini, tukabakiza yale ya mashariki na magharibi, na matumizi yakashuka hadi kilo 4 hivi kwa mwaka. Mzunguko ulianza kuinama, na kwa mtu aliye chini setilaiti ikaonekana ikichora umbo la namba 8 angani kila siku. Baada ya miaka 3 mwinamo ulifika karibu digrii 2 na nusu, maana yake ilipanda kaskazini na kushuka kusini kwa zaidi ya kilomita 1,800 kila upande. Dishi la nyumbani lililokazwa boliti haliwezi kulifuata umbo hilo. Antena kubwa za vituo, zenye mota, zinaweza. Hivyo tulibeba picha za matukio ya moja kwa moja kutoka magari ya habari, na mawasiliano ya watu waliotaka bei nafuu. Ulikuwa uzee mwema, na uliingiza fedha.

Kisha ukaja mwaka wa 17. Daftari lilisema kilo 18. Hesabu ya shinikizo ilisema kiasi kinachokaribiana na hicho. Tulipozipatanisha njia zote mbili pamoja na walakini wake, jibu la kweli lilikuwa kilo 18 na huenda pungufu kwa 12. Ili kuipandisha setilaiti hadi kimo cha makaburi, kilomita 300 juu ya njia ya wenzake, tulihitaji kilo 6. Kiasi hicho, zilipokuwa siku za kazi kamili, ni mafuta ya miezi miwili na siku chache. Mwongozo wa kimataifa unataka angalau kilomita 235, na juu yake ziada inayotegemea uzito na upana wa chombo, ili msukumo wa Jua na mvuto wa Mwezi visikirudishe tena kwenye njia inayotumika. Kule juu hakuna hewa ya kukivuta chombo kikashuka na kuungua. Kinachoachwa mahali pale hubaki pale.

Menejimenti ilitaka mwaka mmoja zaidi. Sikuwalaumu, na siwalaumu leo. Walikuwa na wateja, amplifaya nyingi zilikuwa nzima, na mtu asiye na uzoefu akiambiwa kilo 18 zipo na 6 zinatakiwa, huona kuna ziada ya kutosha. Niliombwa nieleze upande wetu. Nilichukua daftari zote, kuanzia lile la kwanza lenye mwandiko wa mama yule ambaye kwa wakati huo alikuwa amekwisha kustaafu, nikaziweka mezani. Nikawaeleza kwamba mwaka mmoja zaidi utachukua kilo 4, na kwamba kama ukweli uko upande mbaya wa hesabu, tutakapotaka kuiondoa tutakuta kilo 2, na itabaki njiani mwa kila jirani, pamoja na mrithi wetu wenyewe, isitawalike, kwa muda ambao hakuna aliyemo chumbani angeishi kuuona mwisho wake. Mmoja wao aliuliza nina uhakika gani kuwa ukweli uko upande mbaya. Nilimjibu kwamba sina, na kwamba kutokuwa na uhakika huko ndiko kunakonifanya niombe tuiondoe sasa, wakati bado inatusikia.

Walikubali baada ya kikao cha pili. Nilipata kufikiri tena juu ya siku ile niliposoma kwamba Oktoba 2023 FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, ilitoza faini ya dola 150,000 kwa sababu ya setilaiti ya EchoStar-7: ilipangwa kupandishwa kilomita 300, ikagundulika mwaka 2022 kuwa mafuta yamebaki machache mno, ikaishia takribani kilomita 122. Nilipoisoma habari hiyo sikuwaza juu ya fedha. Niliwawaza walioshika zamu siku ile walipoona namba hazitoshi.

Siku hizi kuna njia nyingine. Februari 2020 chombo kiitwacho MEV-1 kilijishikiza kwenye Intelsat 901, iliyokuwa kazini tangu 2001, na kikaanza kuisukuma kwa mafuta yake chenyewe; setilaiti ile ikarudi kuhudumia wateja. Huduma hiyo haikuwapo kwa ajili ya yetu. Najua ingenifurahisha, na najua pia kwamba ingekuwa vigumu zaidi kumshawishi mtu yeyote kwamba wakati umefika.

Kuipandisha kulichukua siku sita, tukiwasha injini kwa vipindi vifupi, kila kipindi upande mmoja wa mzunguko kisha upande wa pili ili njia ibaki duara. Siku ya tano, katikati ya kuwasha, joto la injini moja lilianza kuyumba. Gesi ya heliamu ilikuwa imeanza kuingia bombani pamoja na mafuta. Tulikuwa tumefika kilomita 268. Tulibadili tukatumia jozi ya injini iliyobaki, na ile ilituvusha hadi kilomita 304 kabla nayo haijaanza kukohoa. Nilifanya hesabu papo hapo kwenye karatasi: kilichotoka tangini kilikuwa kilo 6 na ushei. Ukweli ulikuwa umekaa kwenye ukingo kabisa wa upande mbaya. Hakuna aliyeshangilia chumbani. Kijana mmoja aliyekuwa akisimamia mkondo wa betri aliniuliza kwa sauti ya chini, "Mzee, ina maana tungengoja mwaka mmoja tu?" Nikamwambia ndiyo, na akarudi kwenye skrini yake.

Siku ya sita tuliacha vali wazi ili mabaki ya mafuta na gesi yatoke angani, kwa sababu tangi lenye shinikizo laweza kupasuka hata baada ya miaka mingi. Tulizikata betri kwenye chaji na kuziacha ziishe. Tulizima amplifaya moja moja kwa kufuata orodha. Kilichobaki kilikuwa kisambazaji kidogo cha telemetria, yaani cha kututumia zile namba za hali ya setilaiti, ambacho kwenye kioo cha kupimia masafa kilionekana kama mwiba mmoja mwembamba uliosimama juu ya majani ya kelele. Nilikuwa nimeuona mwiba ule kila siku ya kazi kwa miaka 17. Nilisoma amri kwa sauti, mwenzangu akairudia kwa sauti, nikaituma. Baada ya robo ya sekunde mwiba ulianguka, na kioo kikabaki na kelele tupu. Niliandika saa kwenye daftari, kwa UTC, nikatia sahihi, na mwenzangu akatia ya kwake.

Kwa kuwa sasa iko juu kidogo, inazunguka taratibu kuliko wenzake, na kila siku inabaki nyuma kwa karibu digrii 4 kuelekea magharibi. Ukigawanya digrii 360 kwa kiasi hicho unapata siku 90 na ushei. Kwa hiyo kila baada ya muda unaokaribia miezi mitatu inapita tena juu ya kisanduku chake cha zamani, kilomita 300 juu ya mrithi wake, kimya. Nina kalenda nyumbani ambamo nimeziwekea alama siku hizo.